Tulipong'oa Miti ya Goli

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, na kila nikiikumbuka hujikasirikia upya. Zilikuwa zama za siasa, kabla ya uhuru. Hapa Chake Chake watu waligawanyika hata wengine wakaacha kuzikana. Timu yetu nayo ikapasuka: sita huku, watano kule. Mimi, golikipa, nilikuwa huku. Hamadi, rafiki yangu tangu chuoni tulikosoma Kurani, akawa kule.

Kiwanja cha zamani walikisawazisha baba zetu kwa majembe, juu mlimani, pakavu. Sisi, kwa jeuri tu, tukasema wenzetu wasikichezee. Tukang'oa miti ya goli, tukaichukua mabegani hadi bondeni, tukafyeka kiwanja kipya. Bi Time, aliyekuwa akilima mpunga jirani, akatuonya:

"Wanangu, hapa masika maji hutuama."

Tukamcheka! Eti mwanamke atajua nini mpira? Mpira hakuujua, lakini maji aliyajua. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na sisi tulikuwa viziwi sita.

Masika ikaingia. Ikaja timu ya Mkoani, tuliyoialika kabla ya kugawanyika. Mlimani hakuna goli. Bondeni goli zimesimama majini, vyura wanalia. Wageni wakacheka mpaka wakakaa chini. Mzee Faki, aliyekuwa akipiga chokaa mistari ya kiwanja cha zamani tangu sijazaliwa, akaniita mbele yao.

"Kiwanja unacho?"

"Ninacho, mzee."

"Timu unayo?"

Nikatuhesabu kwa macho: sita.

"Basi nenda kamwite Hamadi. Nenda sasa hivi!"

Sikwenda. Niliona haya, nikasema kesho. Kesho ikazaa kesho. Hamadi akahamia Tanga, akafia huko, hatujasemezana. Vyura nimewasahau, hilo halijanitoka.

Na leo nakusikieni na nyie mnatukanana juu ya kiwanja kipya, kiitwe nani, kiwe cha nani. La haula! Hamchoki?

Mwanangu, kiwanja hufyekwa kwa siku tatu. Mwenzio hapatikani kwa jembe. Anayejua maji akikwambia hapa pana maji, mwamini. Na ukiambiwa kamwite mwenzio, nenda siku hiyo hiyo, hata ukiwa na matope miguuni. Mungu akupe usikivu ungali kijana, na kila utakayemwendea kwa suluhu akujaalie umkute hai. Amina.