Kalenda ya Mwezi ya Mkata Tiketi

Nitalisema hili hata kama Shangazi atanuna: kalenda ile ni yake. Bosi hakuitunga, hakuiota, hakuongeza hata nukta. Aliichukua tu.

Shangazi alikata tiketi kwenye jumba la sinema la Bosi huyo miaka kumi na tisa, ndani ya kibanda chenye kidirisha cha kioo na kiti kilichofungwa kamba mguu mmoja. Filamu zenyewe hakuwa anaziona. Aliona nyuso zikiingia na nyuso zikitoka. Na kwa kuwa tangu ujana mambo ya nyota yalikuwa ugonjwa wake, aliandika daftarini: leo mwezi uko kwenye nyota gani, imeonyeshwa filamu gani, watu wametokaje. Mwezi hukaa siku mbili na kitu kwenye kila nyota kisha husogea, kwa hiyo hakukosa cha kuandika. Ukiwa kwenye Nge, aliandika, wapenzi huingia wameshikana mikono na hutoka kila mtu na lwake. Kwenye Simba, wanaume wazima hutoka kifua mbele, utadhani wao ndio waliompiga adui. Kwenye Kaa watu hukumbuka kwao, na machozi huwa karibu.

Nyumbani tulimcheka, na mimi nilikuwa wa kwanza. Bosi naye alimcheka, akawa anamwita Mganga mbele ya wateja.

Mwaka jana watu walipoanza kupungua, Bosi huyohuyo akaomba daftari, eti alipitie kidogo tu. Kidogo chake kilikuwa mwezi mzima. Wiki ileile daftari liliporudi, mlangoni kukatundikwa ubao mkubwa wenye kalenda: Mwezi na Filamu, Utafiti wa Mkurugenzi. Yote yalikuwa maneno ya Shangazi, hadi wale wanaume wa kifua mbele. Jina lake halikuwepo hata kwa herufi za sisimizi. Damu ilinichemka.

"Shangazi, nenda kamwambie aweke jina lako."

"Niache, mwanangu. Sitaki maneno na mtu."

"Maneno gani? Si haki yako?"

Akawa anachezea kifuniko cha kalamu. "Nalitaka jina langu pale kuliko unavyodhani. Ila sijui naanzia wapi."

Nilimkasirikia na yeye. Mtu unaibiwa mchana kweupe, unakaa kimya.

Kilichonichoma zaidi ni kwamba mwizi mwenyewe hakuelewa alichoiba. Shangazi alikuwa ameandika kwamba siku za Kaa waonyeshwe vichekesho, maana mioyo tayari imejaa. Bosi aliona neno machozi, akaona biashara. Mwezi ulipoingia Kaa akaweka filamu ya mama anayekufa polepole kwa saa mbili nzima.

Siku hiyo mchana nilikuwa nimempelekea Shangazi chakula. Kwenye foleni alikuwepo fundi cherehani wa mtaani kwetu, aliyemzika mama yake siku nne tu nyuma. Shangazi akamtazama kupitia kidirisha, akairudisha tiketi mezani.

"Si leo, mdogo wangu. Njoo keshokutwa, mwezi utakuwa umehama."

Yule fundi akashukuru, akaondoka. Wawili waliokuwa nyuma yake wakaulizana jambo, nao wakaondoka.

Bosi akatoka ofisini amevimba. "Mganga, unanifukuzia wateja? Andika barua ukiri kosa lako. Sasa hivi, na uweke sahihi. La sivyo kesho usije."

Nilitaka kumjibu mimi. Shangazi akanishika mkono, akachukua karatasi, akaandika bila haraka. Kisha akatoka kibandani na kopo la gundi ya kubandikia mabango, akampita Bosi, akaibandika barua yake palepale ubaoni, chini ya jina la Mkurugenzi. Mama mmoja kwenye foleni akawasomea wenzake kwa sauti: "Nakiri kwamba yote yaliyo kwenye ubao huu niliyaandika mimi, miaka kumi na tisa." Kisha akasoma majina matatu ya Shangazi, yaliyoandikwa kwa herufi kubwa.

Bosi aliikwangua kwa kucha mpaka watu wakaanza kumwonea aibu. Gundi ile haina mchezo.

Shangazi hakurudi kazini, na hilo linanikera mpaka leo. Lakini jina lake halikubanduka. Kesho yake Bosi alilazimika kuushusha ubao mzima.