Mfupa Kwenye Mashine ya Shaba

Jamani, mimi ndiye yule mjuaji wa karakana yetu hapa Soweto West, na leo najianika mwenyewe. Tunatengeneza hereni za mfupa na bangili za shaba. Juzi bosi wetu, Mama Mwende, alileta mashine inayotetemesha maji mpaka uchafu unang'oka wenyewe.

"Ni ya shaba pekee," akatuonya. "Mfupa tunapangusa na kitambaa."

Alipotoka tu, nikaona kitambaa ni kazi ya washamba. Nikatumbukiza hereni zote za mteja wa kesho, zile za michoro myeusi, nikakaa napiga mluzi. Kuchungulia, michoro imehama! Maji meusi tititi, mfupa mweupe pepe. Nikazamisha mikono yote miwili kuziokoa.

Mama Mwende akarudi. "Nani ameweka mfupa kwa mashine?"

Mimi ndiye niliyejifanya kushangaa kuliko wote. "Ai, bosi, hata sisi tunajiuliza!" nikasema, nikijipangusa jasho usoni.

Karakana nzima ikaangua kicheko. Mama Mwende akaninyooshea bangili pana ya shaba, inang'aa kama kioo.

"Hebu jiangalie, Ouko."

Nikajiangalia. Vidole vitano vyeusi, kutoka paji la uso hadi kidevuni.