Siku Mama Alipolowa Komoni

Siku nyumba yangu inaungua, mimi nilikuwa mlimani nazima moto wa mtu mwingine.

Naandika hapa nikiwa sina hasira. Sina chochote, kwa kweli. Ni ganzi tu.

Kwetu ni kitongoji kimoja huko Kilolo. Pande zote tumezungukwa na miti ya paini ya tajiri mmoja wa Dar. Ardhi tulimuuzia wenyewe, mpaka nyuma ya vyoo vyetu.

Sheria yetu ni moja. Rimu ya gari pale kwa mwenyekiti ikigongwa, kila nyumba inatoa mtu mwenye nguvu akazime moto. Asiyekwenda, faini mbuzi.

Kwangu mwenye nguvu ni mimi. Anayebaki ni mama yangu Faustina, ambaye kiharusi kilishamchukua upande wa kulia. Siku hiyo rimu ilipogongwa, nikamwachia uji, nikarudishia mlango moshi usimsumbue.

"Nenda mwanangu, wasije wakatutoza mbuzi," akasema.

Mlimani tulipiga moto kwa matawi mabichi mpaka viganja vikachubuka. Mchana upepo ukageuka. Nikaona moshi mweusi upande wa kitongoji.

Nikamfuata Shedrack, msimamizi wa shamba la tajiri. "Kaka, kule ni nyumbani. Mama yangu hatembei."

"Ambrosi, tulia. Ukitoka wewe watatoka wote, na mali iko huku. Wa kule watakuwa wameshajiongeza."

Wajiongeze akina nani? Wenye miguu yao wote tulikuwa huku juu.

Nikatupa tawi, nikakimbia.

Nilikuta paa limeshaanguka. Ule mlango niliourudishia kwa mkono wangu haukuwepo.

Nilisimama pale nawaza kitu cha kijinga kabisa: lile bakuli la uji ni letu, au tuliazima?

"Wewe Ambrosi! Usizubae, njoo umshike mama yako!"

Nikageuka. Katikati ya shamba lililolimwa, kwenye udongo mtupu, mama alikuwa amekaa kwenye kiti na blanketi mabegani, amelowa chapachapa. Alinuka kama kilabu kizima cha pombe.

Pembeni yake alikuwa Esnath, ndiye aliyeniita.

Esnath ni wa kuja, alitokea Mbeya, anapika pombe ya komoni pale mtoni. Kwake tunakunywa, ila kwenye vikao na vikundi vyetu hatumwiti. Hata rimu ikigongwa, hakuna anayemkumbuka.

Oktoba mto umekauka, bomba letu nalo halitoi hata tone. Kitu cha majimaji kilichokuwepo ni mapipa yake ya komoni, aliyoipika kwa ajili ya siku ya gulio. Akalowesha blanketi, akaingia ndani, akamtoa mama kwa kumbeba mgongoni. Akarudi kumtoa mzee Yakobo, asiyeona. Pipa la mwisho akalimwaga huko kwa Yakobo.

"Na kwako?" nikamuuliza.

Akanionyesha kwa kidevu. Kwake napo majivu.

Jioni tajiri akatutumia soda. Nikanywa yangu. Ilikuwa ya baridi.

Jumapili baada ya ibada, mwenyekiti Crispin akaita mkutano. Paini zimepona, tukapiga makofi. Kisha akauliza nani hakwenda mlimani.

"Esnath," mtu akajibu.

Aisee, sasa ndiyo wamemkumbuka!

"Basi, mbuzi," Crispin akaamua.

Nikasubiri mtu acheke. Wapi!

"Sheria ni sheria," Crispin akasema. "Tukimwachia mmoja, kesho hatoki mtu."

Esnath akainama tu. Mimi nikasogea nyuma ya watu. Niliona aibu, aibu ya kweli.

Ndipo mama, pale kwenye kiti, akanyanyua mkono wake mzima.

"Kamwene," akasalimia kwa Kihehe. "Mwenyekiti, hata mimi sikwenda. Nitozeni mbuzi."

"Na mimi sikwenda," mzee Yakobo akadakia.

Happy, mjamzito aliyekaribia kujifungua, akanyoosha mkono. Wakafuata bibi wawili. Wote tuliowaacha nyuma walikuwa wamenyoosha mikono.

Crispin akaitazama mikono ile, akafunga mkutano. Mbuzi hakudaiwa tena.

Lakini hakuna aliyemwambia Esnath asante, hata mimi. Nilijipa moyo kwamba nitamwambia kesho yake. Kesho yake alikuwa ameshapanda basi la Mbeya.

Somo langu ni dogo. Kabla hujakimbilia moto wa mtu, uliza kwanza nyumbani anabaki nani, na nani atamtoa.

Maana Oktoba inarudi na rimu itagongwa. Mama bado hatembei, na Esnath hayupo.