Mipichesi ya Kaka Hoza

Usiku ule nililala mapema kwa sababu ya jino, na jino hilo lina hadithi yake, ila tuliache. Kaka yangu Hoza alikuwa na miezi kumi na moja kaburini. Mchana, mjane wake, shemeji Mwanaidi, alinipitia akasema kesho analeta mtu wa shoka, mipichesi yote sita chini. Watu walishasema sana kwamba Hoza alipanda kuni. Nami nikaitikia tu.

Basi nikaota niko shambani kwake, jua la saa nne. Sisi tuko bondeni, kwenye joto, na mpichesi ni mti wa milimani, bila baridi haulali, na usipolala hauchanui. Hoza alibeba miche kichwani kutoka Lushoto. Bwana shamba mmoja mstaafu alimfundisha: miti ikikomaa, kila Juni uinyime maji, uinyonyoe majani yote kwa mkono, ibaki mitupu. Hapo mti unadhani baridi imefika, unalala. Mimi shule niliishia la pili, lakini hilo nililielewa.

Kwenye ndoto Hoza amenipa mgongo, ananyonyoa. Jani, jani, jani. Nikamsogelea, mara tuko jikoni kwa marehemu mama, majani yanaangukia mafigani na hayaungui. Mama anakoroga uji, hanitazami.

Mwaka jana miti ilikomaa, Hoza akaugua. Akaniagiza mimi nikanyonyoe. Nilianza na mmoja. Vijana wa pale bombani wakanicheka: "Babu, huyo kuku unamla na mifupa?" Nikaona haya, mtu mzima mimi na mvi zangu, nikaacha. Agosti akaniuliza toka kitandani, "Imechanua?" Nikamwambia, "Imechanua, kaka. Mekundu-mekundu, mazuri." Akafa wiki ile ile.

Sasa, ndotoni, Hoza anageuka. Uso ni wa ujanani, mikono ni ya ugonjwa.

"Mdogo wangu," anasema, "nilikuuliza."

Nataka kumjibu, mdomo umejaa majani. Natema, yanakuja mengine.

"Sikuja kufuata miti. Mwanaidi anadhani nilimpotezea miaka yake kwa ujinga. Kamwambie."

Nikamshika shati. Mkononi nikabaki na shuka, na kichwani neno lile moja, kamwambie. Jogoo wa jirani analia.

Sikunawa hata uso. Nilimkuta shemeji barazani, mtu wa shoka anakunywa chai. Nikasema yote nikiwa nimesimama, nilivyoona haya mbele ya wale vijana, na maua niliyoyatunga, na kwamba miti haina kosa, wala marehemu hana, na Juni imepita ila Julai haijaisha, majani yangali yananyonyoleka.

Nikatamani shemeji anitukane. Kisha akamwambia yule mtu, "Maliza chai, baba, uende. Leo hakuna kazi."

Alipoondoka, akaniangalia.

"Siku ile ulipotoka kumwambia imechanua, aliniomba nimbebe nje akayaone hayo maua. Nikamwambia, pumzika baba, mdogo wako ameshakuonea maua."