Mimi ni mwanamke mashoto, nilitafuta fimbo za gofu Tanga nzima: haya ndiyo yaliyonikuta

Wakuu, salamu kwenu nyote, wa bara na wa pwani.

Huu uzi hauna chai hata kijiko kimoja. Nimebadilisha majina tu, maana Tanga ni ndogo, watu wanajuana mpaka kwa kikohozi.

Najua wengi mkisikia gofu mnawaza wakubwa na magari yao. Mimi si mkubwa. Ni mama wa makamo, nahangaika na nyaraka za mizigo ya watu pale bandarini. Kwetu Kigombe, ila naishi mjini miaka mingi. Ndoa yangu iliisha bila kelele, binti yangu mmoja yuko chuo Dodoma. Nyumba ina vyumba vitatu, nalala kimoja, viwili nafagia tu.

Siku za kazi sina shida. Tatizo lilikuwa Jumamosi.

Jumamosi naamka, nafua, napika chakula kingi kuliko ninachokula, halafu naanza kuangalia simu. Binti akipiga ni dakika chache, "Mama nakuja kukupigia baadaye," na baadaye haifiki. Simlaumu, nami nilikuwa hivyo hivyo kwa mama yangu.

Daktari akaniambia presha imepanda, nitembee. Nikawa natembea asubuhi njia ya Raskazone, na njiani ndipo nilipouona ule uwanja wa gofu. Nimekaa Tanga umri wote huu, sijawahi kuingia. Siku moja nikaingia kuuliza kama mtu anaruhusiwa kutembea tu kwenye majani. Kocha wa pale akacheka, akasema, "Dada, ukitembea bure utachoka. Tembea ukiwa unafuata mpira."

Ndivyo nilivyoanza.

Sasa hapa lazima nieleze kitu. Mimi ni mashoto wa kuzaliwa. Lakini kwetu mkono wa kushoto una kazi yake mnayoijua, kwa hiyo marehemu mama alinifunga kitambaa mkono ule wakati wa kula mpaka nikazoea wa kulia. Chuoni kwa maalim, kulia. Shule, kulia. Mpaka leo nakula kwa kulia na kuandika kwa kulia. Ila nikishika kisu, panga, jembe, ufagio, ni kushoto moja kwa moja.

Kocha alipoona nasaini kitabu cha wageni kwa kulia, akanipa fimbo za kulia. Sikubisha. Nimezoea kutobisha kwenye mambo ya mkono.

Nikateseka wakuu! Mpira unakwenda vichakani. Mgongo unauma. Wenzangu wa kundi wanavumilia wananisubiri, lakini unajua mtu anayekuvumilia unamwona. Baada ya muda wakawa wanatangulia, "Utatukuta mbele." Sikuwakuta. Nikawa nacheza peke yangu nyuma, nasikia vicheko vyao kwa mbali.

Siku moja nimebaki peke yangu, hasira zimenipanda, nikageuza fimbo, nikasimama upande wa pili, nikapiga kwa mgongo wake. Mpira ukanyooka. Haukwenda mbali, lakini ulinyooka kama uzi!

Nikakaa chini pale pale kwenye majani. Sitawadanganya, machozi yalinitoka. Mtu mzima, na suruali yangu na mtandio, nalia kwa ajili ya mpira.

Kocha nilipomweleza akanipa ufagio wa mpini mrefu, akasema, "Hebu fagia hapa." Nikafagia. Akatazama mkono wangu wa kushoto umeshuka chini kwenye mpini, akatikisa kichwa. "Nimekupotezea muda dada. Wewe tafuta fimbo za mashoto. Ila hapa hatuna hata moja."

Na kweli hazikuwepo. Wakuu mnaotumia kulia hamjui raha mliyo nayo. Ukisahau fimbo unaazima kwa jirani. Mashoto haazimi kwa mtu. Hata kusimama kwenyewe, wanaume wote wa pale wamegeukia upande mmoja, mimi nikisimama natazamana nao uso kwa uso kama nawasubiri waseme kitu.

Nikaanza kutafuta.

Dar nilipokwenda kikazi nilipita duka moja, nikakuta seti ya mashoto moja tu, ya mwanaume mrefu. Nikiishika, ncha ya juu inanichoma tumbo. Nzito, na ule mti wake mgumu kama nondo. Muuzaji anasema "utazoea." Nikamwambia hilo neno nimelisikia toka utotoni, nikatoka.

Kisha mtandaoni nikampata kijana wa Mombasa. Ana seti ya kike ya mashoto, used, hali nzuri. Akatuma picha. Nikatazama, naam, kushoto kabisa. Nikatuma hela, mzigo ukapanda basi, ukavuka mpaka wa Horohoro, nikaufuata stendi nikiwa na furaha kama bibi harusi.

Nafungua mfuko, za kulia zote!

Narudi kwenye picha naangalia vizuri, namba saba iliyoandikwa kwenye chuma imegeuka kinyume. Jamaa alijipiga na kamera ya mbele, ile inayogeuza kama kioo. Sijui alifanya makusudi au hakujua. Simu yake haikupatikana tena. Kwa hiyo ukitumiwa picha, soma maandishi kwanza. Au mwambie muuzaji achukue video ameisimamisha fimbo mbele yake chini. Ya mashoto, uso wake wa kupigia unatazama kulia kwa aliyeishika. Msijifunze kwa njia yangu.

Nikakata tamaa. Nikakaa Jumamosi kadhaa nyumbani na ufuaji wangu.

Kocha ndiye aliyenipigia. "Dada, nimekumbuka. Zamani kulikuwa na mama mmoja hapa, wa ile familia ya Kiarabu yenye minazi kule Tongoni. Bi Salma. Alikuwa mashoto kama wewe, anacheza na mtandio wake hivyo hivyo. Alishafariki, lakini mumewe yupo. Mzee Nassor."

Nikaenda. Nyumba ya zamani, baraza pana, milango imefunguliwa wazi. Nikabisha hodi, dada yake Mzee Nassor, aliyekuwa akichagua mchele, akanikaribisha barazani. Mzee akatoka na kanzu yake na miwani minene.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Karibu. Wa wapi wewe?"

"Kigombe."

"Kigombe ya nani?"

Nikamtajia ukoo mpaka akaridhika. Ndipo nikamweleza shida yangu. Mzee akainuka. Halafu akaingia ndani mwenyewe, akakataa kusaidiwa, akatoka anaburuta begi la ngozi.

Fimbo zilikuwa safi. Mipini tu, zile raba za kushikia, zimekauka kama samaki ng'onda. Nikachukua moja, nikasimama. Ilinifika sawasawa. Sikuinama wala kujinyoosha, mikono imening'inia yenyewe, fimbo imegusa chini. Nyepesi, na mti wake unapinda kidogo. Nilikuwa sijawahi kushika kitu kilichotengenezwa kwa ajili ya mtu kama mimi. Mkasi, kifungua kopo, kiti cha shule chenye kimeza pembeni, vyote viliwekwa kwa wengine.

Mzee akaokota kidaka cha nazi kilichoanguka uani, akakiweka kwenye mchanga. "Hebu kipige."

Nikavua viatu, nikapiga. Kidaka kikaruka ukuta.

Nikageuka nikicheka. Mzee alikuwa amevua miwani, amejifunika macho kwa kiganja.

"Vaa viatu vyako mwanangu," akasema. "Unisamehe. Siwezi kuuza."

Sikumlaumu. Nikaaga, dada yake akanisindikiza mpaka getini. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Umesimama kama yeye hasa. Ndiyo maana."

Nikajua imeisha. Lakini baadaye, nimeshaacha hata kufikiri, simu ikaita.

"Ni mimi Nassor. Sikiliza. Kuuza siuzi. Lakini na zenyewe zinaoza humu stoo. Jumamosi asubuhi njoo uzichukue, ucheze. Jioni uzirudishe. Na ukirudi uniambie umepigaje."

Basi wakuu, hayo ndiyo yakawa maisha yangu.

Nilibadilisha zile raba tu kwanza. Kila Jumamosi nachukua begi asubuhi, narudisha saa za alasiri. Nakaa barazani, si ndani, majirani wanaona. Dada yake analeta kahawa na kashata. Mzee ananiuliza shimo kwa shimo.

"La tatu upepo ulikuwa wapi?"

"Ulitoka baharini."

"Ukatumia nini?"

"Namba saba."

"Haifiki! Salma pale alikuwa anachukua tano, inakwenda mbali zaidi. Anasema huo upepo mwizi."

Nami nabisha, naye anabisha, dada yake anacheka na mchele wake. Kumbe Bi Salma hakuwa na fimbo zote kumi na nne zinazoruhusiwa. Alikuwa nazo saba tu, na hakutaka zaidi. Mzee alisema mkewe alitupa zile asizozipenda ili asisumbuliwe na kuchagua. Mimi pia leo natumia hizo saba, na mtu akiniuliza aanze na ngapi namwambia anunue iron moja ya katikati kama hiyo namba saba, fupi moja ya kunyanyua mpira, na putter ya kusukumia mpira shimoni. Zizoee hizo kwanza.

Lakini mnisamehe, uzi si wa fimbo peke yake.

Nilichotaka kusema ni hiki. Toka ndoa ilipoisha, hakuna mtu aliyewahi kunisubiri jioni aniulize siku yangu imekwendaje, tena kwa undani, na kunikasirikia nikijibu kwa kifupi. Nilikuwa nacheza shimo la tano huku najipangia nitakavyomsimulia. Nikipiga vibaya nafurahi, maana ndiyo maneno mengi.

Sikumwambia hilo. Nilidhani tuna muda.

Macho yake yakazidi kuwa mabaya. Binti yake akaja kutoka Muscat, mwanamke mpole, mwenye heshima, akaniambia, "Dada, tunawachukua baba na shangazi. Hapa watabaki na nani?" Nilitaka kusema, "Na mimi." Lakini mimi ni nani? Mtu wa kuja Jumamosi.

Siku ya kuondoka nilikwenda kuaga. Gari imeshapakiwa. Mzee ananipapasa bega kutafuta nilipo, begi liko miguuni pake.

"Hizi sasa ni zako. Usirudishe."

Nikasema, "Asante baba." Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kumwita baba. Sijui kama alinisikia, binti yake alikuwa anamsaidia kupanda.

Nyumba sasa imepangishwa. Wamepaka rangi nyingine.

Mzee hupiga simu mara moja moja. Anauliza, "Shimo la tatu umetumia nini?" Namjibu, "Tano, baba." Anasema, "Eh?" Narudia kwa sauti, anasema, "Eh? Mtandao mbaya." Masikio nayo yanaondoka. Kisha binti anachukua simu, tunasalimiana, tunaagana.

Gofu nimekuwa mzuri kiasi, wakuu. Wale waliokuwa wananitangulia sasa wananisubiri niwe kwenye kundi lao. Ni watu wema. Tukimaliza wanakaa na wake zao na watoto, nami naweka begi kwenye buti, narudi nyumbani.

Nilichojifunza: kama mkono wako ni wa kushoto, usikubali kuambiwa utazoea. Usiangalie unaandika kwa mkono gani, kamata ufagio au jembe utajijua. Usinunue seti kwa sababu tu ni ya mashoto, isimamishe kwanza, ikikuinamisha au ikikuchoma tumbo iache, hata kama ni ya mwisho nchini. Picha soma maandishi.

Na kama kuna mtu anayekuuliza jioni umeshindaje, mwambie mapema kwamba unaisubiri hiyo jioni. Mimi nilichelewa.

Mwisho nina swali la kweli. Kuna mwanamke mashoto yeyote humu, kuanzia Moa mpaka Pangani, anayecheza au anayetamani kujaribu? Njoo PM. Usinunue chochote, hizi saba zinatutosha wawili.

Na nyie wengine, wenye maswali ya fimbo ulizeni, najibu kila mtu. Jumamosi nipo hewani kuanzia alasiri. Siku hizi nikitoka uwanjani sina pa kupitia.