CD ya Rehani

Mtaani kwetu CD ya game haikuazimwa bure. Ukichukua ya mwenzako unamwachia yako rehani, Jumamosi mnarudishiana, mnabeba nyingine. Mimi mwenzangu alikuwa rafiki yangu wa mtaa jirani wa Ziwani, tangu tukiwa darasa la sita. Nilienda kwao kwa miguu, CD nimeibana kifuani chini ya sweta isije ikakwaruzwa.

Ikikwaruzwa tuliipaka dawa ya meno, tukaisugua polepole kwa kitambaa. Siku moja mamake alitukuta tumemaliza tyubu nzima.

"Nyinyi! Kwani hizo CD zina meno?"

Tulicheka mpaka naye akacheka, akatuletea viazi karai. Nilipenda ile nyumba jamani. Kichwani nilishapanga kwamba tukikua tutafungua ukumbi wetu wa game, ukuta mzima rafu za CD, mamake akiuza viazi mlangoni.

Mwaka huu rafiki yangu alipata kibarua Industrial Area, akajichanga, akanunua mashine mpya ya game. Alinitumia picha. Niliikuza nikitafuta pale pa kuingizia CD. Hapakuwapo. Nikampigia.

"Hii haina mdomo, buda," akajigamba. "Game unavuta kwa mtandao. Ile CD yangu baki nayo, nami nibaki na yako. Hata uitumie kama sahani ya kachumbari!"

Nilicheka. Lakini Jumamosi ilipofika nilikaa kitandani nikijiuliza, sasa kwao naenda kufanya nini? Sikwenda. Iliyofuata pia sikwenda.

Juzi nikashindwa kuvumilia. Nikaenda mikono mitupu.

"Ulikuwa umehama?" mamake akaniuliza mlangoni, akanivuta ndani kabla sijajibu.

Rafiki yangu alikuwa amevaa hedifoni, anacheza na watu wa mbali nisiowaona. Aliponiona aliwaaga, akasogea kwenye kochi, akanipa pedi ya pili ya kuchezea. Alinifunga mabao, akanitusi kama zamani. Raha tupu.

Jioni alinisindikiza hadi getini. Hapo nikakwama. CD tulishaachiana; hakuwa na kitu changu cha kurudisha, wala mimi sikuwa na chake.

"Nije tena lini?" nikamuuliza. Sikuwahi kumuuliza hivyo maishani.

"Haiya! Siku hizi umekuwa mgeni?"

Akacheka, akanipiga kofi la mgongo, akarudi ndani mbio. Nilicheka pia. Ila nilitaka anitajie siku.