Chura wa Shaba

Dizeli isiyoungua vizuri ina harufu yake. Si ile ya mafuta yaliyomwagika chini, wala si ya moshi mweusi wa gari lililozidiwa mzigo. Ni harufu nyembamba, chungu, inayochoma macho kabla haijafika puani, na hutoka na moshi mweupe. Asubuhi za Juni, mashine yangu ya kusaga hapa Chemchem inapowaka kwa shida, harufu hiyo hunirudisha kwenye shamba la tumbaku upande wa Kaliua, enzi za Mwingereza, nikiwa na miaka tisa na birika la uji mkononi.

Baba yangu, Yohana, alikuwa dereva wa trekta la shamba lile. Wakati wa kipupwe kazi yake ilikuwa kuvuta tela la marobota ya tumbaku hadi stesheni, kwa njia ile ile waliyopita wapagazi wa zamani, na kufika kabla treni ya mizigo haijaondoka. Fundi wa trekta, Rajabu, alikuwa mtu wa Gongoni, Tabora mjini, mwenye kofia safi siku zote, aliyeajiriwa baada ya Krismasi. Ufunguo wa stoo ya dizeli ulikaa kwake. Yeye na Baba hawakupendana tangu siku ya kwanza, na sidhani kama kuna aliyejaribu.

Mwaka huo baridi iliingia mapema, na trekta likaugua. Asubuhi lilitetemeka, likakohoa moshi mweupe njia nzima, likakosa nguvu kwenye mchanga. Likirudi mchana, jua likiwa kali, lilikuwa zima. Mara mbili treni iliondoka bila tumbaku. Mzungu mwenye shamba akasema ikitokea mara ya tatu, mmoja wao ataondoka.

Kuanzia hapo ikawa vita. Baba alisema mbele ya watu wa ghala kwamba Rajabu anatia maji kwenye dizeli ili nyingine akaiuze. Rajabu alimjibu bila kuacha kufuta spana: "Babu yako alibeba pembe begani akafika Bagamoyo kwa miguu. Wewe umepewa injini, Kaliua hufiki."

Watu walicheka siku mbili. 

Lakini Rajabu hakuwa mtu wa maneno tu. Nilimwona kila asubuhi nikipeleka uji. Alijaza dizeli kwenye chupa ya kioo akaiacha hadi kesho yake. Kama yalikuwemo maji, yangezama chini, na hayakuwepo. Alitoa hewa kwenye mabomba ya mafuta. Alifungua nozeli zinazopuliza mafuta, moja baada ya nyingine, akazisafisha, akazirudisha. Moshi ukabaki mweupe. Ijumaa aliliacha trekta liungurume kama saa nzima, kisha akashika mpira wa juu, ule unaopeleka maji ya injini kwenye rejeta yakapoe, na kuacha kiganja pale muda mrefu, amekunja uso. Injini imefanya kazi saa nzima, na mpira ni vuguvugu tu.

"Yohana," alisema, na ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akimwita kwa jina. "Niambie kweli. Kuna kitu kilitolewa humu kabla sijaja?"

"Hakuna."

Mimi nilijua kipo. Oktoba iliyotangulia trekta lilikuwa likichemsha maji njiani, na Baba, ambaye hakuwa fundi na hakumwomba mtu ruhusa, alifungua mahali mpira ule unapoanzia akatoa kidude cha shaba, ukubwa wa kikombe cha kahawa. Alisema kinabana maji. Kweli trekta likaacha kuchemka, akasifiwa. Kidude akanipa mimi nichezee. Niligundua kwamba ukikitia kwenye maji ya moto kinafungua mdomo polepole, na kikipoa kinaufunga. Nikakiita chura.

Nikafungua mdomo wangu mwenyewe. Baba akanitazama.

"Uji umeshanywewa," akasema. "Rudi kwa mama yako."

Nikarudi.

Jumamosi treni iliondoka tena bila tumbaku, na Rajabu akafukuzwa. Angesafiri Jumatatu juu ya tela, kwa kuwa hapakuwa na usafiri mwingine.

Jumapili, tulipotoka kanisani, nilikuwa nyuma ya nyumba na sufuria ya maji ya moto, namwogesha chura. Baba alikuja akasimama, kisha akachuchumaa na nguo zake za kanisani. "Fanya tena," akasema. Nilifanya mara nne. Alitazama kama mtu anayesomewa barua asiyoitaka. Kisha akamtoa chura majini, akamkausha kwa leso, akaenda naye kwenye trekta. Sikulia. Niliona fahari: chura wangu amepata kazi.

Jumatatu baridi ilikuwa kali kuliko siku zote. Trekta liliachwa liungurume wakati marobota yanapakiwa. Moshi mweupe ulitoka kidogo, ukakatika. Mtu mmoja wa ghala akamgeukia Rajabu, aliyekuwa amekalia sanduku lake la spana. "Fundi, maji yako yamekauka?" Wenzake wakaangua kicheko. Trekta limepona siku ambayo fundi anaondoka. Nani alihitaji ushahidi mwingine?

Rajabu aliinuka taratibu, akaja mbele, akashika mpira ule. Safari hii aliuachia haraka, kama aliyegusa sufuria jikoni. Alikitazama kiganja, kisha akamtazama Baba.

"Kumbe kilitolewa."

"Panda," Baba akasema. "Treni haikungoji."

Mzungu alikuwa amesimama barazani, hatua kama ishirini. Baba hakuzitembea. Rajabu alitazama upande ule, akawatazama waliokuwa bado wanacheka, akapanda na sanduku lake. Nilimwamkia, "Shikamoo." Hakuitika. Nikamwona hana adabu, na nikaendelea kumwona hivyo miaka mingi.

Nilijifunza injini ukubwani, kwa kitabu kisicho na jalada nilichokinunua sokoni. Siku moja nikafunua ukurasa nikamkuta chura wangu, amechorwa. Maelezo yalikuwa mistari michache: huzuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, akikosekana, injini hubaki baridi na kutoa moshi mweupe. Nikafunga kitabu. Baba alikuwa ameshafariki. Ijumaa ile alidanganya kwa woga, bila kujua ugonjwa ni nini. Jumatatu alijua, kwa sababu nilimwonyesha mimi, mara nne.

Siku hizi watu huniletea injini zao. Nauliza swali la Rajabu: kuna kitu kilitolewa humu? Mwenye injini husema hakuna. Simtazami yeye. Namtazama mtoto aliyekuja naye.